Kuwamba turubai: Zana na mbinu zinazookoa kazi ya mchoraji wa Galu

MWAMBA ngoma, walisema wahenga, huvutia ngozi kwake. Kwa mchoraji wa picha, methali hiyo ni onyo zaidi kuliko mwongozo. Anayewamba turubai kwenye fremu huku akivutia upande mmoja tu huishia kupata kitambaa chenye mikunjo pembeni, fremu iliyopindika na kazi ambayo mnunuzi ataijutia muda mrefu baada ya kuilipia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ufuo wa Galu, ulioko kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale. Kando ya barabara inayopita nyuma ya hoteli za ufuoni, kutoka Diani kuelekea Kinondo, picha za rangi ni miongoni mwa bidhaa wanazouziwa watalii sambamba na vinyago, leso na vikoi. Tembo, twiga, majahazi yenye matanga meupe na akina mama waliojitanda leso ni michoro ambayo mgeni wa pwani hiyo huiona ikiwa imetundikwa kambani au kuegemezwa ukutani.

Uzuri wa mchoro huonekana siku ya kuuzwa. Ubora wa uwambaji huonekana miezi kadhaa baadaye, wakati picha iko sebuleni Ujerumani au Uingereza, au kwenye ukumbi wa hoteli iliyo hatua chache kutoka baharini. Ikilegea, ikatokeza alama za mbao upande wa mbele au ikapata madoa ya kutu, jina linaloharibika ni la mchoraji, wala si la seremala au la mwenye duka la vifaa. Mwenye hoteli aliyekusudia kuagiza picha nyingine kumi huenda akatafuta fundi mwingine bila hata kueleza sababu.

Habari njema ni kwamba uwambaji si kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni kazi ya mikono inayohitaji zana chache zilizochaguliwa kwa makini, fremu iliyotengenezwa vyema na utaratibu usiovunjwa kwa ajili ya haraka.

KUTOKA UBAO HADI KITAMBAA

Si kila picha huhitaji kuwambwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji katika Afrika Mashariki, alitumia vipande vya mbao laini za viwandani vyenye umbo la mraba, kila upande ukikaribia sentimita 60, na kuvipaka rangi za mafuta zinazong'aa, za aina iliyotumiwa kupakia baiskeli. Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972. Wanafunzi na jamaa zake waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji jijini humo.

Kadiri utalii ulivyopanuka, ubao uligeuka kuwa mzigo. Msafiri wa ndege hawezi kubeba vipande vitano vya ubao kwenye sanduku lake, lakini anaweza kubeba vitambaa vitano vilivyoviringishwa pamoja. Wachoraji wengi wakahamia kwenye kitambaa cha pamba, na mtindo huo ukauzwa na kuigwa hadi kwenye fuo za Zanzibar na za Kenya.

Mabadiliko kama hayo yalikuwa yametokea mbali na hapa karne nyingi kabla. Wachoraji wa Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, waliingia kwenye turubai kwa wingi katika karne ya 16. Hewa ya bahari ilikuwa ikiharibu picha zilizochorwa moja kwa moja ukutani, na kitambaa cha matanga kilipatikana kwa urahisi katika mji wa mabaharia. Mkazi wa pwani ya Kenya hahitaji kuelezwa zaidi: chumvi na unyevu havichagui bara.

Nchini Uganda, baadhi ya wasanii huwamba kwenye fremu kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Gome hilo halina nyuzi za kufumwa, hivyo hutanuka kwa namna isiyolingana na hudai mkono mwepesi. Turubai ya pamba au ya kitani, kwa upande wake, ina mtande na mshindio, na nyuzi hizo ndizo zinazomwongoza mwambaji.

FREMU KWANZA

Makosa mengi yanayosingiziwa koleo au stepla huanzia kwenye mbao. Fremu ya kuwambia ni tofauti na fremu ya urembo inayozunguka picha mbele. Hii hukaa nyuma ya kitambaa, haionekani, na kazi yake ni kustahimili mvuto wa pande nne kwa miaka mingi.

Mbao inayofaa ni nyepesi, iliyonyooka na iliyokauka sawasawa. Saipresi na msonobari kutoka bara, ambazo hupatikana kwa wauza mbao wa Ukunda na Mombasa, hutumika sana kwa kuwa huingiza pini kwa urahisi. Mvinje, ingawa umejaa mashambani Kwale, ni mzito na huelekea kupasuka na kujipinda. Mnazi ni mgumu mno kwa pini ndogo. Mkilifi, ambao kwingineko huitwa mwarobaini, hausumbuliwi upesi na bungua na umependwa na wachongaji wa vinyago, lakini nyuzi zake zilizopishana huifanya kazi ya randa kuwa ngumu.

Si kila mti ulio karibu ni wa kukatwa. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio jirani na Galu, ni mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008, na kwa desturi ya wenyeji kitu hakitolewi humo.

Kabla ya kununua, mchoraji aushike ubao kwenye ncha moja, auweke usawa wa jicho na kuutazama kwa urefu wake kama anayelenga shabaha. Uliopinda utaonekana mara moja. Ubao wenye vifundo vikubwa uachwe, kwa kuwa hupinda na kuvunjika penye kifundo. Wenye vitundu vidogo vinavyomwaga unga una bungua ndani yake, na hakuna rangi itakayomtoa.

Kwa picha isiyozidi mita moja, upana wa sentimita 4 hadi 5 na unene wa sentimita 2 hutosha, na mbao za inchi mbili kwa moja hukaribia kipimo hicho. Upande unaozidi mita moja uongezewe mtambuko wa katikati, la sivyo mvuto wa kitambaa utauingiza ndani mfano wa upinde.

Kuna jambo moja ambalo maseremala wasiozoea kazi ya wachoraji hulisahau. Uso wa mbele wa kila ubao unapaswa kupigwa randa kwa mteremko, ukingo wa nje ukiwa juu na wa ndani ukiwa chini kwa milimita kadhaa. Kwa njia hiyo kitambaa hugusa ukingo wa nje pekee. Ubao ulio bapa hugusana na turubai, brashi hugonga mbao, na baada ya muda mstari ulionyooka hujitokeza mbele ya picha pande zote nne. Mstari huo haufutiki.

Pembe hukatwa kwa nyuzi 45. Msumeno wenye meno madogo na kijisanduku cha mbao cha kuongozea pembe hufanya kazi nzuri kuliko kukadiria kwa macho. Baada ya kuunganisha, fremu ipimwe kwa utepe kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Vipimo vyote viwili lazima vilingane. Fremu ya sentimita 60 kwa 80, kwa mfano, inapaswa kuwa na sentimita 100 kamili kila upande wa mshazari. Ikiwa mmoja ni 99 na mwingine 101, fremu imekwenda upogo na hakuna uwambaji utakaoinyoosha.

KOLEO LA KUWAMBIA

Zana inayotofautisha kazi ya kubahatisha na kazi ya fundi ni koleo la kuwambia. Halifanani na plaisi za fundi wa umeme. Mdomo wake ni mpana, kwa kawaida kati ya sentimita 8 na 12, na ndani una mistari au meno mafupi ya kushikia kitambaa bila kukitoboa. Chini ya taya la chini pana nundu.

Nundu hiyo ndiyo siri ya chombo chenyewe. Mwambaji huuma ukingo wa kitambaa, huiegemeza nundu kwenye ubavu wa fremu, kisha huinamisha kiwiko cha mkono kuelekea chini. Koleo hufanya kazi kama wenzo: nguvu ndogo ya mkono huzaa mvuto mkubwa na, muhimu zaidi, mvuto unaolingana kila mara. Asiye na nundu huvuta kwa nguvu za bega, na bega likichoka mvuto hupungua. Ndiyo maana picha nyingi zilizowambwa kwa mikono mitupu huwa zimekaza upande ulioanza na kulegea upande uliomalizia.

Wakati wa kununua, yapo mambo manne ya kuangalia. Kwanza, mataya yafungwe na kuinuliwa kwenye mwanga: yakikutana sawasawa, mwanga haupenyi. Mataya yaliyokwenda kombo huuma kona moja na kuchana kitambaa. Pili, meno yasiwe makali. Yakiwa makali, kipande cha ngozi laini au mpira kinaweza kugundishwa ndani. Tatu, springi ifungue mikono yenyewe, kwa kuwa picha moja ya wastani hudai kuuma na kuachia zaidi ya mara 40. Nne, chuma kiwe kimepakwa kinga ya kutu, maana chombo kisicho na kinga hakidumu karibu na bahari.

Upana nao hutegemea kazi. Anayechora picha ndogo za sentimita 30 atasumbuliwa na mdomo wa sentimita 12 anapofika kwenye pembe. Kwa mchanganyiko wa picha ndogo na kubwa, sentimita 8 hadi 9 ni kipimo kinachofaa zaidi.

Plaisi za kawaida zina hasara iliyo wazi. Mdomo wake mwembamba hukusanya mvuto wote penye nukta moja, na matokeo yake ni vijimistari vinavyotoka kila penye pini kuelekea katikati ya picha kama miale. Asiye na njia nyingine anaweza kuupanua mdomo huo kwa kuuma kitambaa pamoja na vibao viwili vyembamba vilivyopakwa msasa, kimoja juu na kimoja chini. Si sawa na koleo halisi, lakini huokoa kitambaa.

STEPLA AU MISUMARI

Baada ya kuvuta, kitambaa lazima kishikwe. Kwa karne nyingi kazi hii ilifanywa na misumari midogo yenye vichwa vipana. Leo wengi hutumia stepla ya mkono, ile ile wanayotumia mafundi wa makochi.

Stepla ina faida ya kasi. Mkono mmoja hushikilia koleo, wa pili hupiga pini. Pini zenye miguu ya milimita 8 hadi 10 hufaa mbao laini, na za milimita 6 hutosha mbao ngumu. Fupi mno hung'oka penye mikunjo ya pembe ambako kitambaa kina tabaka tatu au nne. Ndefu mno hupasua ubao mwembamba. Kabla ya kununua, mchoraji ajaribu kuibana stepla kwa mkono mmoja mara kumi mfululizo. Inayomshinda dukani haitamtii kazini.

Pini ipigwe kwa mshazari kidogo, wala si sambamba na uzi. Iliyolala sambamba hushika nyuzi chache zile zile, na zikikatika huachilia yote. Ya mshazari hushika nyuzi nyingi zaidi. Iwapo pini imebaki juu, igongwe taratibu kwa nyundo ndogo.

Misumari ya kichwa kipana yenye urefu wa milimita 12 hadi 14 ni ya polepole, lakini huondolewa kwa urahisi bila kuchana kitambaa. Kwa anayetarajia kuvua na kuwamba tena, huo ni ubora mkubwa.

Swali kubwa la pwani, hata hivyo, si umbo bali madini. Pini za chuma cha kawaida hupata kutu upesi kwenye hewa ya chumvi. Kutu hiyo hula nyuzi za pamba zinazoizunguka, na baada ya miaka michache kitambaa hukatika penye kila pini, mfano wa karatasi iliyotobolewa ili ichanike. Kinachofaa ni pini za chuma kisichoshika kutu au misumari ya shaba. Pini zilizopakwa zinki hufuata kwa ubora. Tofauti ya bei kwa picha moja ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya picha yenyewe.

Tahadhari moja isisahauliwe: stepla haipaswi kuelekezwa usoni wala kushikwa na mtoto, na mkono unaoshika fremu ukae mbali na njia ya pini.

HATUA ZA KUWAMBA

Kitambaa hukatwa kikiwa kikubwa kuliko fremu kwa sentimita 5 hadi 7 kila upande. Wanaobana matumizi hapa hujiadhibu wenyewe, kwa kuwa koleo haliwezi kuuma ukingo wa sentimita 2.

Turubai itandazwe chini, uso wa mbele ukitazama sakafu safi, na fremu iwekwe juu yake. Nyuzi za kitambaa zifuate mistari ya mbao. Kitambaa chochote kilichofumwa hutanuka zaidi kinapovutwa kwa mshazari kuliko kinapovutwa kwa mtande au mshindio, hivyo kikikaa upogo kwenye fremu kitazaa mawimbi ambayo hayatanyooka.

Pini ya kwanza hupigwa katikati ya upande mrefu. Kisha mwambaji huhamia upande wa mkabala, huvuta kwa koleo na kupiga ya pili katikati. Mstari mmoja wa mvuto utaonekana ukikatiza turubai. Hufanya vivyo hivyo kwenye pande mbili fupi, na umbo la almasi hujitokeza katikati ya kitambaa. Hiyo ni dalili njema.

Kutoka hapo kazi husonga kutoka katikati kuelekea pembeni, pini mbili mbili: moja kila upande wa pini ya katikati, kisha mkabala wake, kisha pande nyingine mbili. Nafasi kati ya pini ni sentimita 4 hadi 5. Kosa kubwa la wanaoanza ni kumaliza upande mmoja mzima kabla ya kugusa mwingine. Afanyaye hivyo amevutia ngozi kwake, na upande wa pili hautakubali tena kunyooka.

Kiasi cha mvuto hutegemea hali ya kitambaa. Turubai mbichi, ambayo bado haijapakwa rangi ya msingi, ivutwe kwa wastani tu, kwa sababu rangi hiyo ya kwanza inapokauka hukikaza kitambaa zaidi. Iliyokwisha kupakwa ivutwe kwa nguvu zaidi lakini taratibu, maana ikivutwa kwa ghafla tabaka la rangi hupata nyufa ndogo zisizoonekana hadi picha ikamilike.

Wengi hupima kazi yao kwa kugonga turubai kwa kidole na kusikiliza mlio wa ngoma. Kipimo hicho kina kweli ndani yake, ila mlio mkali mno si sifa. Fremu nyembamba yenye kitambaa kilichokazwa kupita kiasi hujipinda, na ikiwekwa juu ya meza iliyo sawa pembe moja huinuka. Mlio mzito wa wastani na uso usio na mawimbi hutosha.

PEMBE NA KABARI

Pembe huachwa mwisho. Kitambaa cha ziada hukunjwa ndani mara moja, kikalazwa bapa na kupigwa pini nyuma ya fremu, kama anayetandika shuka kitandani. Kisikatwe. Kitambaa kilichokatwa penye pembe hakiwezi kuwambwa tena, na pembe ndipo panapoanza kuchanika.

Fremu bora hazigundishwi penye pembe. Vipande vyake huingiliana kwa ulimi na tundu, na ndani ya kila pembe huachwa nafasi za kabari mbili ndogo za mbao. Turubai ikilegea, kabari hugongwa kidogo kwa nyundo nyepesi, pembe hufunguka kwa milimita moja au mbili, na kitambaa hukaza tena bila kung'oa pini hata moja. Mbinu hiyo ilianza kutumika Ulaya katikati ya karne ya 18 na bado haijapata mrithi.

Kabari zitumike kwa kiasi, na pembe zote nne zigongwe kwa zamu. Kipande cha kadibodi kiwekwe kati ya nyundo na turubai ili mkono ukiteleza usiache donda mbele ya picha.

Seremala asiyeweza kutengeneza fremu ya aina hiyo bado ana nafasi. Fremu iliyogundishwa na kupigiliwa kibao cha pembetatu kila pembe ni imara. Kwa hiyo, mchoraji ahakikishe tu kwamba kitambaa cha ziada kimebaki nyuma, kwa upana wa sentimita 4 au zaidi, ili siku turubai ikilegea pini zing'olewe na koleo lipate pa kuuma.

Ipo desturi ya kunyunyizia maji nyuma ya turubai iliyolegea ili ikaze. Hukaza kweli, lakini kwa muda mfupi, na unyevu ulioachwa nyuma huleta ukungu na kulegeza rangi. Kwa picha iliyokwisha kuchorwa, njia hiyo ni bora iepukwe.

UNYEVU, CHUMVI NA SAFARI YA ULAYA

Mbao na kitambaa haviachi kusogea baada ya kuwambwa. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, kisha huutoa na kunywea. Picha iliyowambwa Galu wakati wa masika, mbao zikiwa zimeshiba unyevu, ikipelekwa kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, hukauka kwa kiwango ambacho mbao zake hazijawahi kukijua. Pembe zilizounganishwa vibaya hufunguka, na ubao ulionunuliwa ukiwa mbichi hujipinda.

Dawa yake huanzia siku ya ununuzi. Mbao zihifadhiwe ndani, zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, kwa wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Miezi mikavu ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo wakati mwafaka wa kutengeneza fremu nyingi kwa pamoja. Miezi ya Aprili hadi Juni, ambapo mvua ni nyingi na wageni wachache, ni ya kulinda kilichopo: picha zisimame wima, zisiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu, na wala zisifunikwe kwa nailoni inayofungia jasho ndani.

Picha zinazotundikwa hotelini nazo zina masharti yake. Vipande vidogo vya mbao au mpira vikigundishwa nyuma ya pembe za chini, picha hukaa mbali kidogo na ukuta na hewa hupita. Mchoraji anayemkabidhi mteja picha yenye vipande hivyo, pamoja na maelezo ya matumizi ya kabari, ameuza picha na huduma kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, picha nyingi zinazouzwa kwa watalii wa pwani ya kusini huondoka zikiwa zimeviringishwa, bila fremu. Hapa ndipo uwambaji mzuri husaidia kwa njia isiyotarajiwa. Mchoro uliofanywa ukiwa umewambwa vizuri huwa na umbo la mraba kamili, hivyo fundi wa ng'ambo huuwamba tena bila taabu. Uliochorwa ukiwa umepigiliwa ukutani kwa misumari minne hupinda kingo, na hakuna fremu itakayoukubali.

Mambo matatu huamua hatima ya picha iliyoviringishwa. Pini zing'olewe moja moja kwa bisibisi bapa isiyo na makali na plaisi, wala kitambaa kisivutwe kwa nguvu. Ukingo mtupu wa sentimita 5 hadi 7 ubaki pande zote, kwa kuwa ndio mpini wa fundi atakayefuata. Picha iviringishwe uso ukitazama nje, juu ya bomba la kadibodi lenye kipenyo kisichopungua sentimita 10. Uso ukigeuzwa ndani, rangi hubanwa na kujikunja, ilhali ukiwa nje hutanuka kidogo na kurejea hali yake inapofunguliwa.

Rangi za akriliki, ambazo hukauka kwa saa chache, huvumilia zoezi hili mapema, ingawa hugandamana zikibanwa kwenye joto na huwa ngumu na kupasuka kwa urahisi zikikunjwa kwenye baridi kali. Rangi za mafuta huonekana kavu kwa juu ilhali ndani bado ni mbichi kwa miezi. Mchoraji mwaminifu humweleza mteja tofauti hiyo kabla ya kupokea fedha.

KIPI KINUNULIWE KWANZA?

Kwa mchoraji anayeanza, ambaye mapato yake hupanda na kushuka kwa msimu wa watalii, si lazima vyote vinunuliwe kwa siku moja. La kwanza ni utepe wa kupimia na kipimapembe cha seremala, kwa kuwa bila fremu iliyo sawa vingine vyote ni bure. La pili ni stepla imara na pini zisizoshika kutu. La tatu ni koleo la kuwambia, ambalo wachoraji watatu au wanne wanaofanya kazi jirani wanaweza kulinunua kwa pamoja na kulitumia kwa zamu. Nyundo ndogo, bisibisi na msasa huenda tayari vipo nyumbani.

Anayeuza picha za kuviringishwa anaweza pia kutengeneza fremu mbili au tatu bora za kazi, zenye kabari, na kuzitumia kwa miaka mingi: huwamba, huchora, huvua, kisha huwamba nyingine. Fremu moja nzuri inayotumika mara 50 ni nafuu kuliko fremu 50 mbovu.

Kwa picha ndogo za mazoezi, kitambaa cha amerikani kinaweza kutosha. Jina hilo lilibaki pwani tangu karne ya 19, wakati merikebu kutoka Massachusetts zilipoleta Zanzibar vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi. Lakini amerikani ni nyembamba. Kwa kazi ya kuuza, itafutwe turubai nzito ya pamba, ya gramu 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba, iliyofumwa kwa kubana na isiyo na mafundo.

Upepo wa kusi na wa kaskazi ambao huinua tiara za wachezaji wa majini pale Galu ndio huo huo unaoleta chumvi na unyevu kwenye kila picha iliyotundikwa karibu na ufuo. Hauzuiliki. Kinachowezekana ni kuipeleka picha mbele ya upepo huo ikiwa imeandaliwa, jinsi mvuvi anavyokagua tanga na kamba kabla ya kuingia baharini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mnunuzi husimama mbele ya picha akasifu rangi za jahazi na weupe wa mchanga. Hageuzi picha kutazama nyuma, ambako pini zimepangwa kwa mshazari, pembe zimekunjwa bila kukatwa na kabari zimekaa mahali pake. Lakini miaka kumi baadaye, jahazi hilo likiwa bado limenyooka ukutani, atakuwa anafaidi kazi ya upande huo ambao hakuwahi kuuona.